Maji ya Ufuo

Mwatumu alimkuta binti yake amelala kifudifudi bafuni, sikio kalibana juu ya tundu la sakafuni, anacheka chinichini kama mtu anayesimuliwa kitu kitamu.

"Mishi, inuka hapo. Sakafu ina baridi."

"Ngoja kidogo, mama. Hajamaliza."

"Nani hajamaliza?"

Mtoto alimwinulia kiganja, kumwomba anyamaze. Ilikuwa mchana, saa ambayo Jengo la Mkilua lote husinzia. Kuta zake zilikuwa za vioo viwili viwili, na katikati ya vioo yalipita maji yaliyofugiwa mwani, kwa hiyo jua likiingia ndani huwa la kijani, hutembea juu ya vyombo na nyuso za watu kama kivuli cha mti ambao haupo. Miti yenyewe haikuwapo tena Mkunguni. Bahari ilipokula ardhi ya zamani, watu walijenga mji mpya juu ya sahani kubwa za zege zilizobebwa na nguzo, majengo wakayapa majina ya maua waliyoyaacha chini: Mkilua, Mkadi, Mlangilangi. Udongo ukabaki kuwa kitu cha bara.

"Anauliza kofia yake iko wapi," Mishi alisema, akageuza sikio la pili. "Ile nyekundu ya kufuma."

Mwatumu alishika mlango. Kofia nyekundu alikuwa ameifungia sandukuni, chini ya vitambaa vyake vya kushonea, na hakuwa amemwambia mtu. Mwenye kofia alizikwa bara tangu masika, kwenye kilima wanakozikwa watu wote wa Mkunguni.

Tundu lilipumua. Pumzi yake haikunuka kama mtaro. Ilinukia majani mabichi na kitu kingine kwa mbali, kitu ambacho Mwatumu alikijua lakini hakutaka kukitaja hata moyoni. Karafuu maiti.

"Da Mishi," sauti ndogo ilisema kutoka chini. "Huyo ni mama?"

* * *

Kilichokuwa chini ya sakafu ile, watu wa Mkilua walikiita ukoga, kama ule wa kwenye meno. Kampuni iliyokileta ilikuwa na jina lake zuri zaidi, lakini hakuna aliyejisumbua kulikumbuka.

Ulikuja kwenye mapipa, mzito kama uji wa muhogo, wakaumwaga kwenye mabomba. Ukashika kuta za mabomba, ukaota, ukanenepa mpaka ukawa na unene wa ulimi. Kisha ukaanza kutembea mahali pamoja, mawimbi madogo madogo, kama koo linavyomeza, na maji machafu yakawa yanasafiri yenyewe bila pampu. Kila tone lililopita ulilionja. Uchafu uliula, vijidudu vya kipindupindu uliviyeyusha, na kile kilichobaki ulikihifadhi ndani yake, kwa sababu ndivyo ulivyoagizwa.

Nani aliuagiza hivyo? Wenyewe. Katika mji usio na udongo, majitaka ni mali: mbolea imo humo, chumvi imo humo, maji ya kunywa ya kesho yamo humo. Mamlaka ya Majitaka ya Kanda ya Mkunguni ilipotaka kutangaza zabuni ya mtambo mpya, iliwaita wakazi juu ya paa na kuwauliza wanataka kitu cha namna gani. Watu walikuwa wamechoka kupoteza. Walishapoteza mashamba, makaburi ya mababu, mpaka majina ya mitaa. Mmoja akasema, mtambo usipoteze kitu chochote kinachoingia ndani yake. Paa zima likapiga makofi, na Mwatumu alipiga ya kwake. Kigezo kikaandikwa vile vile kilivyotamkwa.

Mamlaka ilikuwa na sheria nyingine, ya tangu iliponunua pampu ambazo hazikuwahi kusukuma hata tone. Kitu kipya lazima kwanza kikae katika jengo moja la majaribio, na ndani ya kamati ya tathmini awemo mkazi wa jengo hilo, alale juu ya bomba hilo hilo pamoja na watoto wake. Wahandisi wote wakiridhika na yeye asiporidhika, hakinunuliwi. Jengo la majaribio likawa Mkilua. Mkazi akachaguliwa Mwatumu, mshona magauni wa ghorofa ya katikati, ambaye mumewe alikuwa bara akijenga reli. Hakuchaguliwa kwa usomi. Hakuna mtu aliyelalamikia harufu ya mtaro kumzidi yeye.

Ukoga ulipandwa mwanzo wa masika. Ulikuwa bado mchanga, haujajua kazi, Fumo, mdogo wake Mishi, alipoanza kuharisha. Alikuwa na miaka sita. Aliumwa asubuhi, na kabla taa za barazani hazijawashwa alikuwa amekwisha. Ndiye mtoto wa mwisho kufa kwa kipindupindu katika jengo lile.

Zamani, wakati watu wanaishi juu ya ardhi, maiti alioshwa juu ya kitanda cha kamba, na chini ya kitanda lilichimbwa shimo, ufuo, maji yaingie humo yafukiwe. Maji yale hayatupwi ovyo; ni ya mtu. Lakini juu ya zege utachimba nini? Watu wa Mkunguni walioshea maiti wao bafuni, na maji yakaenda na tundu la sakafuni. Halikuwa jambo la kusimulia. Kwenye kikao kile cha juu ya paa hakuna aliyelitaja, maana nani atasimama mbele ya wahandisi na chai ya tangawizi mkononi aanze kusema habari za maji ya ufuo?

Mwatumu alimwosha mwanawe mwenyewe, akisaidiwa na jirani yake Bi Kidawa, ambaye alizoea kazi hiyo. Majani ya mkunazi, karafuu maiti, maji tena, maji tena. Tundu likapokea yote. Chini kabisa, ukoga mchanga ukafumbua kinywa ukapata mlo wake wa kwanza uliokuwa na utamu.

* * *

Siku ile ile aliyoisikia sauti bafuni, Mwatumu alimpandia Bi Kidawa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kuniuliza la bafuni," Bi Kidawa alisema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchele, jua la kijani limemlalia begani.

"Umejuaje?"

"Mwanangu, jengo zima linalijua. Mzee Haruna wa juu siku hizi anaoga mara ngapi? Mkewe alipokuwa hai alikuwa hamsemeshi, leo anajifungia naye bafuni mpaka chakula kinapoa. Mapenzi yamekuja na bomba."

Mwatumu alikaa kando ya kigoda. "Na wewe?"

Bi Kidawa alipuliza makapi. "Dada yangu yumo. Ananidai bangili zake mpaka leo. Kafa, bado mchoyo."

"Ni wao kweli, Bi Kidawa?"

"Sijui. Bangili ni za kweli." Akaendelea kuchambua. "Mimi ni mzee, nasikiliza kidogo naondoka, nina mchele wangu wa kupika. Mtoto ana mchele gani? Muangalie mtoto wako."

Mwatumu alikusudia kumuangalia. Lakini mzazi anayesoma hapa asijione hodari. Kesho yake, Mishi alipokuwa shuleni, Mwatumu aliingia bafuni kufua, akafunga mfereji, akapiga magoti. Kisha akalala. Sakafu haikuwa na baridi hata kidogo. Ilikuwa na joto la ubavu wa mtu.

"Fumo," aliita.

"Naam, mama."

Hakukumbuka walizungumza nini. Alikumbuka mwanga tu, kwamba ulikuwa kijani na ulikuwa unapanda na kushuka, na yeye alikuwa ndani yake kama jani. Sauti ilimwimbia wimbo wa kuhesabia vidole alioutunga mwenyewe wakati ananyonyesha, na kila kidole kilipotajwa alikihisi kinaguswa. Alipoinuka, Mishi alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake wa shule mgongoni, na gauni la mteja lililokuwa chini ya pasi lilikuwa limetoboka na kufuka moshi.

"Umeona, mama," Mishi alisema kwa furaha. "Umeona sasa."

Walianza kwenda pamoja. Kila mchana, mama na mwana, vichwa vimegusana juu ya tundu. Ilikuwa raha. Hakuna aliyewahi kumwambia Mwatumu kwamba jambo baya linaweza kuja na raha namna ile. Mishi alipelekea tundu vitu: kucha zake, nywele zilizobaki kwenye kitana, uji wake wa asubuhi, wote, kijiko kwa kijiko. Mashavu yakamwingia ndani. Akiulizwa, anasema ameshiba. Mwalimu wake alituma neno kwamba mtoto anasinzia darasani akitabasamu.

Halafu ikaja siku ambayo Mwatumu alikuwa anamsugua mgongo kwa dodoki, na Mishi akasema, bila kugeuka:

"Mama, maji ya mtu aliye hai ni mepesi."

"Nani kasema?"

"Fumo. Anasema maji yangu yakifika kwake yananukia mimi kidogo tu, kisha yanaisha. Hanioni vizuri. Anasema nikioshwa kama alivyooshwa yeye, na yale majani, nimelala vile bila kusema, ataniona kamili." Alifikiri kidogo. "Bi Kidawa anajua kuosha. Tumuombe."

Dodoki lilianguka. Povu likazunguka tundu, likaingia polepole, na ukoga ukalimeza kwa sauti ndogo ya kuridhika.

* * *

Kamati ya tathmini ilikutana wiki ile ile katika chumba cha mikutano cha Mamlaka, ambacho sakafu yake ilikuwa ya kioo, na chini ya miguu ya wajumbe yalionekana mabomba makuu yakipita kama nyoka waliolala. Mhandisi Tindwa, mkuu wa ununuzi, alimvutia Mwatumu kiti.

"Mama Mishi, leo tutapumzika. Nakumbuka uliniletea maji ya mtaro kwenye chupa ya soda, ukaniwekea mezani, ukaniambia karibu kinywaji."

"Hukunywa."

"Nilinusa. Ilitosha."

Watu walicheka. Alikuwepo Bwana Mbelwa, wakala wa kampuni ya ukoga, mtu nadhifu mwenye sauti laini. Alikuwepo Daktari Nambua, daktari wa kanda, mwanamke aliyezeeka kabla ya wakati wake kwa kuzika watoto wa wenzake. Utaratibu ulikuwa mjumbe aseme kwa kinywa chake, mbele ya wote: nimeridhika, au sijaridhika.

"Bomba halijaziba hata mara moja," Tindwa alisema. "Nimeridhika."

"Mkilua hakuna aliyeugua tangu ukoga ukomae," alisema Daktari Nambua. "Mkadi na Mlangilangi mvua ikinyesha nakosa vitanda. Ununuliwe leo, upandwe kesho. Nimeridhika."

Wote wakamgeukia Mwatumu. Akasema yote. Alisema habari za ufuo, za kofia, za Mzee Haruna, za uji, na za alichokisema Mishi ndani ya povu. Hakupamba.

Mbelwa ndiye aliyezungumza kwanza, kwa upole. "Mama, kila mtu huacha alama kwenye maji. Katika maji ya mwisho huacha nyingi kupita zote. Kigezo chenu kilisema mtambo usipoteze kitu. Haujapoteza."

"Ni mwanangu yumo humo?"

"Sijui," Mbelwa alisema, na ilionekana kweli hajui. "Nikikwambia ndiyo nitakuwa mwongo, na nikikwambia siyo, vile vile."

"Ukoga unaweza kufundishwa kusahau?"

"Unaweza kufugwa mwingine, unaokula ugonjwa na kumwachia mtu aende zake. Lakini hicho ni kitu kingine. Zabuni itangazwe upya, majaribio yaanze upya. Huu uliopo huondolewa kwa chokaa."

"Na vuli iko mlangoni," Daktari Nambua alisema. Hakupandisha sauti. "Mama Mishi, watu wakatazwe kumwaga maji ya maiti humo, basi. Tubaki na dawa."

"Utamkataza nani, daktari? Mimi ukinikataza ningemwaga. Mtu aliyefiwa jana, ukimwambia akimwaga atamsikia mwanawe kesho, atakusikiliza wewe?" Mwatumu alishusha pumzi. "Na akishamsikia, walio hai wataanza kuonekana wepesi. Wangu ameanza."

"Tukuhamishe," Tindwa alisema. "Wewe na mtoto, leo hii, mwende Mkadi."

"Mkishanunua, ukoga utakuwepo Mkadi pia. Mtanihamishia wapi tena?"

Tindwa alitazama kioo.

"Unajua unachokataa?" daktari aliuliza. "Watoto wataugua. Wewe unajua kuliko sisi sote kipindupindu kinavyokuwa."

"Najua. Nilimwosha kwa mikono hii."

Alijiona amekaa pale kama anayejitazama kwa mbali, chini ya maji ya kijani. Upande huu Fumo anahesabu vidole. Upande ule watoto asiowajua, wamelala kwenye vitanda visivyotosha. Katikati Mishi, anazidi kuwa mwepesi.

"Sijaridhika," alisema.

Tindwa alifunga macho kidogo, kisha akaitikia kwa kichwa, maana sheria ilikuwa sheria. "Zabuni itatangazwa upya. Mkazi ana haki ya kuongeza kigezo."

"Nataka udongo."

"Mama, hii ni Mamlaka ya Majitaka. Sisi si watu wa kilimo."

"Ndiyo maana nawaomba nyie. Kuna maji hayatakiwi kupita kwenye bomba lolote, hata lingekuwa zuri vipi. Tununulieni udongo kutoka bara, muuweke juu ya paa, tuwe na mahali pa kuchimba ufuo."

* * *

Kwa utaratibu wa Mamlaka, mkazi aliyekataa mtambo humwaga ndoo ya kwanza, katika tundu la nyumba yake, ili asije kusema baadaye kwamba walimwondolea wao. Mafundi walisubiri barazani na ndoo zao za chokaa. Mishi alikuwa amemshika mama yake mguu kwa mikono miwili.

"Utamuumiza, mama. Usimwage. Nitakula. Nitakula kila kitu."

Bi Kidawa alimbandua taratibu, akamfunika uso kwa kanga yake, akamkalisha pajani huko nje. Mlango ukafungwa.

Mwatumu alipiga magoti. Tundu lilikuwa linapumua.

"Mama, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Tuhesabu?"

"Hesabu wewe," alisema. "Mama anasikia."

Sauti ikaanza kuhesabu, kidole gumba, cha shahada, na Mwatumu akainua ndoo. Chokaa ikikutana na maji huchemka. Mvuke mweupe ulipanda, ukamfunika uso, na ndani yake akahisi mkono mdogo unamgusa kidole cha kati. Cha pete hakikuguswa. Aliendelea kumwaga mpaka ndoo ikawa tupu, na ilipokuwa tupu akaendelea kuiinamisha.

Jengo lilinyamaza. Ndipo watu walipogundua kwamba siku zote hizo kuta zilikuwa zinaimba. Ghorofa ya juu, Mzee Haruna alilia kama mtu mwenye maiti ndani, na alikuwa naye.

* * *

Udongo uliletwa na treni ya bara, mwekundu, kwenye magunia yanayovuja. Nao pia, kwa kuwa ni kitu kipya kilichonunuliwa na Mamlaka, ilibidi ukae kwanza katika jengo moja la majaribio. Ukamwagwa juu ya paa la Mkilua, ndani ya kuta fupi za zege, na watoto wakapanda kuukanyaga kwa miguu mitupu, wakishangaa jinsi unavyolegea.

Pampu zilizokuwepo kabla ya ukoga zilirudi, na harufu ikarudi. Vuli ilinyesha kwa kishindo. Mkilua walichemsha maji, wakaosha mikono mpaka ngozi ikapasuka, wakapona. Mlangilangi hawakupona wote.

Walikuja siku ya mvua ndogo, jua likiwa limechomoza katikati ya mvua, wamebeba kitu kidogo ndani ya shuka. Mlangilangi hakukuwa na udongo bado. Mama wa mtoto aliitwa Mwanamvua, mwanamke mwembamba ambaye hakuwa analia. Bi Kidawa alikuwa ameshaweka kitanda cha kamba juu ya paa, chini ya turubai, na Mwatumu alikuwa ameshachimba. Udongo ulimwingia kwenye kucha. Alipoinua uso, Mwanamvua alikuwa anamtazama.

"Ni wewe uliyekataa?"

"Ni mimi," Mwatumu alisema.

Alingoja. Alikuwa tayari kwa neno lolote, hata kofi. Mwanamvua alichukua kata, akaichovya kwenye maji ya mkunazi, akampa.

Wakaosha pamoja. Maji yalitiririka chini ya kamba, yakaingia kwenye ufuo, na udongo ukayanywa. Yalikaa juu kidogo, yakang'aa, kisha hayakuwepo. Hakuna kilichopumua. Hakuna kilichosema.

Mtoto alipokwisha kuvikwa sanda na wanaume wakamchukua kumpeleka treni, Mwanamvua alibaki. Alishuka magoti, akalala kifudifudi, akaweka sikio juu ya udongo uliolowa. Akasikiliza sana. Mvua ilimnyeshea mgongoni, nyembamba, ikiwa na rangi ya jua, na Mwatumu alikaa kando yake, hakumzuia, wala hakumwuliza kama amesikia kitu.

Nyuma yao, kwenye mlango wa ngazi, Mishi alikuwa amesimama na sahani tupu mkononi.

"Mama," aliita. "Nina njaa."